Mashine Yenye Kichwa Kinachotembea

Katika karakana yetu ya Thika kulikuwa na amri moja ambayo hata mlevi hakuthubutu kuivunja: kichwa cha mashine ya kukereza hakitembei. Kisu kinaweza kutembea, mkia wa mashine unaweza kusogezwa, fundi mwenyewe anaweza kwenda kujisaidia kwa muda usiojulikana, lakini kichwa, yaani ile sehemu inayoshika chuma na kukizungusha, kinakaa palepale kilipofungwa mpaka siku mashine itakapouzwa kama chuma chakavu. Fundi wetu mkubwa, mtu wa upande wa Kakamega aliyeimba nyimbo za kanisa huku akikata nati, alipenda kusema kwamba kichwa cha mashine ni kama mwenye boma. Ukimwona kila saa yuko njiani, jua nyumbani kumeharibika.

Mimi niliamini hivyo hivyo. Nilikuwa kijana mwepesi wa hasira na mzito wa kuomba msamaha, na yote niliyoyajua niliyapata kwa watu wawili tu: huyo fundi mkubwa, na tajiri wetu, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe ambaye kila asubuhi alizipiga mashine zake kofi moja moja, kama mtu anayekagua ng'ombe zizini. Tulikuwa sisi watatu na mashine za zamani, tukitengeneza vitu vidogo vya mashamba: nati za mashine za kumenyea kahawa, skrubu za mizani, na pini za kuzibia maji katika pampu za kunyunyizia dawa. Pini hizo za pampu ndizo zilizotaka kuninyima mke.

Msichana mwenyewe alikuwa wa Ruiru, akichambua kahawa katika shamba moja upande wa Gatongora. Baba yake alikuwa nyapara wa shamba hilohilo. Mama alikuwa amefariki, dada zake wote walikuwa wameolewa, na yeye ndiye aliyebaki akimpikia mzee. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, ambapo kijana wa Kikikuyu hakutoka Thika kwenda Ruiru hivi hivi tu kwa sababu moyo umempenda mtu. Ulihitaji kipande, ruhusa, na uso wa mtu asiye na neno. Vyote nilikuwa navyo isipokuwa huo uso. Hata hivyo nilimchukua mjomba wangu, tukachukua na muratina kama desturi inavyotaka, tukaenda kubisha hodi.

Mzee alitupokea vizuri. Aliinywa pombe, akaisifu, akamuuliza mjomba habari za mvua. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba mimi ni fundi wa Thika, na kwamba pini za pampu zinazotumika katika mashamba yote ya Ruiru, mimi ndiye ninayezikereza kwa mikono hii. Nilidhani nimejenga. Mzee aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na pampu imejaa maji. Hapo ndipo nilipotazama suruali yake. Mguu wa kulia ulikuwa wa kaki. Mguu wa kushoto ulikuwa wa buluu kuanzia gotini mpaka chini, buluu ya mrututu, ile dawa ya kahawa ambayo ikishaingia kwenye nguo haitoki mpaka nguo ife.

Alipampu mara kadhaa, akafunga bomba, akalishika juu ya viatu vya mjomba wangu. Maji yakadondoka, tena kwa utaratibu, kama yana kazi maalum pale.

"Hii pini ni yako?" akauliza.

Ilikuwa yangu. Akasema basi, siku pini yangu itakapofunga maji, ndipo atakapofungua masikio yake kusikia habari za binti yake. Muratina hakuirudisha. Mjomba alitembea mpaka stesheni na kiatu kinacholia.

Niliwaka kwa hasira, lakini hasira haikunyoosha pini. Ukweli ni kwamba pini zile zilikuwa nyembamba na ndefu, na kwenye mashine ya kawaida, kisu kinapotembea kando ya chuma chembamba, chuma kinakikimbia kisu. Kinapinda kidogo pale katikati, kisu kinakula kidogo kuliko inavyotakiwa, na pini inatoka na tumbo. Kwa jicho huwezi kuliona tumbo lile. Ukitaka kuliona, vaa suruali ya kaki unyunyize kahawa.

Nilimsumbua Kalasinga wiki nzima. Nilimwambia mashamba yatatukimbia yote, sikumwambia habari za msichana, lakini fundi mkubwa alimwambia kabla sijamaliza sentensi. Kalasinga alikuwa na mabinti wanne. Alinitazama kwa muda, akasema tutaenda Nairobi kutafuta mashine.

Tulikwenda na lori lake, sisi watatu mbele, hadi kwenye ghala la muuzaji wa mashine zilizotumika. Mashine za kuchagua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mashine ya kawaida, kubwa, nzito, imepakwa rangi mpya. Ya pili ilikuwa ndogo, imetoka Uswisi, imejaa vigurudumu vyenye nundu upande wa nyuma, na visu vyake vimepangwa kuzunguka kitundu kimoja kama watoto wanaozunguka sufuria. Kila mmoja wetu alikuwa na njia yake ya kuchagua mashine. Fundi mkubwa aliipa mgongo, akaiegemea kwa makalio na kusukuma; mashine ikitikisika, hiyo si mashine. Ile kubwa haikutikisika, na papo hapo akaoa. Kalasinga alipitisha ukucha kwenye reli za mashine kutafuta mikwaruzo, kisha akanusa mafuta ya ndani, akafumba macho. Alinusa ile ndogo mara mbili.

Njia yangu mimi ilikuwa kumsikiliza muuzaji. Alisema mwenye mashine ile ndogo alikuwa akiitumia kutengeneza pini za mita za maji, nyembamba kama sindano za kushonea magunia, na zote zilinyooka. Alisema mengi mengine pia kuhusu inavyofanya kazi, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia neno pini na nilikuwa tayari nimefika Ruiru. Kuiwasha hakuweza, kwa sababu ghala halikuwa na umeme wa kuiendesha. Nikamwambia Kalasinga ndiyo hii. Fundi mkubwa akasema mashine ya kuinuliwa na watu wanne ni cherehani. Kalasinga akanusa mara ya tatu, na mambo yakaisha.

Tulipoishusha Thika, nikaweka mkono juu ya kichwa chake ili nisiteleze, na kichwa kikatembea.

Tuliacha kazi zote. Nikakisukuma tena, polepole, kikaenda mbele. Nikakivuta, kikarudi. Kalasinga akakisukuma yeye mwenyewe, akaguna kwa lugha yake. Fundi mkubwa alivua kofia kama mtu aliyefika msibani. Kisha tukaanza kutafuta mwenye kosa. Fundi mkubwa alisema ni lile shimo la barabarani karibu na Ruiru ambalo tajiri aliliingia kwa mwendo wa harusi. Kalasinga alisema ni fundi mkubwa, aliyeikalia mashine kutoka Nairobi kwa sababu ya kununa, hakutaka kukaa nasi mbele. Mimi nilisema tuache kulaumiana, tuifunge, kwa maana kulikuwa na mtu Ruiru anayengoja na hakuwa mzee peke yake.

"Hii kichwa iko legea," Kalasinga akakata shauri. "Funga."

Tuliifunga. Nani angetufundisha kufunga kitu? Tulikata bamba la chuma nene, tukalipinda kwa moto, tukalilaza juu ya kile kichwa, na kulikaza kwa bolti nne, nene kuliko kidole gumba changu. Fundi mkubwa alilipaka rangi ya kijani ili lifanane na mashine. Nakiri lilikuwa bamba zuri. Mtu asiyejua angedhani mashine ilitoka nalo Uswisi.

Tukaiwasha. Mkanda ukapiga kelele ya nguruwe anayechinjwa, moshi ukatoka, na visu vikabaki vikikata hewa mbele ya kile kitundu. Tukazima. Tukatafakari. Tukaona kichwa bado hakijakaza vizuri, tukaongeza bolti mbili.

Kulikuwa na kitabu kilichokuja na mashine, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu, ingawa kwa pamoja tulikuwa na lugha za kutosha kuendesha soko. Ndani yake palikuwa na picha ya mashine, na juu ya kichwa palichorwa mshale wenye ncha mbili, moja mbele na moja nyuma. Tuliujadili mshale ule asubuhi nzima. Fundi mkubwa alisema unaonyesha mahali pa kutia mafuta. Kalasinga alisema ni onyo: angalia hapa, pasitikisike. Mimi nilisema ni kipimo cha urefu. Kwamba mshale ni mshale, na unaonyesha kitu kinaenda huku na huku, hilo halikumpata mtu yeyote, kwa sababu tayari tulijua kwamba kichwa cha mashine hakitembei. Mtu akishajua jambo vizuri hivyo, huwezi kumsaidia hata kwa mchoro.

Wakati huo habari zilinifikia kwamba mzee wa Ruiru amepata suruali nyingine, na kwamba mguu wake wa kushoto umeanza kuwa buluu. Nilianza kukonda. Binti mwenyewe alinitumia salamu kupitia kwa binamu yake kwamba nisife moyo, lakini nisichelewe pia, kwa sababu baba yake alikuwa amezoea kumpigia hesabu ya msimu mwingine wa kahawa, na baada ya huo mwingine tena.

Mwishowe Kalasinga alikasirika. Alimwita muuzaji aje kutoka Nairobi kuona uchafu aliotuuzia, airudishe mashine yake. Ili auone ugonjwa wenyewe bila pazia, akaamuru tufungue bolti zote na kuliondoa bamba. Fundi mkubwa alilifungua kwa huzuni.

Muuzaji alifika na koti lake, akasimama mikono mfukoni. Kalasinga akaingiza ufito wa chuma uliokuja na mashine, akawasha, akanyoosha kidole.

"Angalia," akasema. "Angalia hii kichwa. Natembea. Mashine gani kichwa natembea?"

Kichwa kilikuwa kikitembea kwelikweli. Kilisogea mbele taratibu kikiusukuma ufito ndani ya kile kitundu, na kila chuma kilipochungulia upande wa pili, kisu kilikuwa kinakisubiri palepale mlangoni. Ufito haukuwa na nafasi ya kupinda. Nilikumbuka namna mtu anavyomenya muwa: anaushika karibu kabisa na kisu, kisha anausukuma muwa wenyewe. Kitu kidogo kikaanguka kwenye sinia, kikalia. Kichwa kikarudi nyuma chenyewe, kikaanza tena.

Kalasinga alikuwa bado ananung'unika. Alieleza habari za barabara, za bamba, za uaminifu kati ya wafanyabiashara, na kila alipovuta pumzi, pini nyingine ilianguka. Muuzaji aliinama, akaokota pini, akaifuta kwa leso, akampa. Kalasinga aliigeuza, akaipitisha ukucha, akainusa. Kisha akageuka na kuniuliza ni mjinga gani aliyefunga kichwa cha mashine hii.

Fundi mkubwa, aliyekuwa nyuma yetu, akasema kwa sauti ya utulivu kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na lile bamba.

Pini zile hazikuwa zetu, zilikuwa za mita za maji, na ilinibidi nipige tupa zile nundu za vigurudumu, ambazo ndizo zinazoongoza visu, kidogo kidogo, na kuharibu mbili, mpaka zikatoa kipimo cha pampu. Halafu nikagundua kwamba mashine ile ina maringo ya chakula. Ufito ukiwa umepinda hata kidogo tu, au mnene upande mmoja, unakwama kwenye kitundu na mkanda unaanza tena kulia. Ikabidi niazime kioo cha meza cha mke wa Kalasinga, niviringishe fito juu yake moja moja, na zile zinazoyumba nizitupe. Mama yule alikuja kuuliza kioo chake mara nyingi. Nilimwambia ni habari ya ndoa, akaniachia. Nilijifunza pia kuisikiliza. Mashine ikila vizuri inanong'ona; maranda yakijisokota kwenye kisu, sauti inapanda kidogo, na usipozima hapo hapo, kisu kimekwenda.

Nikatuma neno Ruiru. Mzee akajibu kwamba haamini pini ya kuletewa. Atakuja kuiona ikizaliwa. Aliomba ruhusa kwa bwana wa shamba, akapanda treni na pampu yake, na kwa kuwa goti lilikuwa linamsumbua, pampu ilibebwa na binti yake. Waliingia karakana namna hiyo: mzee mbele na suruali yake ya rangi mbili, binti nyuma na pampu mgongoni, macho chini kama inavyopasa, lakini midomo ikitaka kucheka. Mimi nilitamani kujificha nyuma ya ile mashine kubwa ambayo hatukuinunua.

Nilitoa pini kwenye sinia ikiwa bado na joto. Mzee akaiweka mwenyewe, akajaza maji, akapampu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akafunga bomba na kulishika juu ya sakafu kavu. Sote tukaitazama sakafu. Fundi mkubwa aliacha kuimba. Mzee akangoja, akalitikisa bomba, akalipiga kofi, akangoja tena. Sakafu ilibaki kavu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mzee hakuonekana kama mtu aliyefurahi. Alilaza pampu chini, akaizunguka mashine polepole, akatazama kichwa kikienda na kurudi, akatazama pini zikianguka, kisha akanitazama mimi niliyesimama mikono nyuma.

"Hii mashine inafanya kazi yote peke yake," akasema. "Na wewe unafanya nini?"

Nikamweleza. Nachagua fito. Napanga visu. Napiga tupa nundu. Mzee akauliza, halafu?

"Halafu nasimama, mzee. Naisikiliza."

"Unasikiliza." Aliligeuza neno lile kinywani kama punje mbovu ya kahawa. Akasema yeye alidhani anamwoza binti yake kwa fundi, kumbe fundi ni mashine, na huyu kijana ni mtu wa kusimama tu. Kama ni hivyo afadhali mahari iletwe na mashine.

Damu ilinipanda. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri, lakini baba wa msichana hajibiwi, na nilijua nikifungua mdomo nimeolewa na karakana maisha yangu yote. Nikauma meno. Kalasinga akajifanya anatafuta kopo la mafuta lililokuwa mkononi mwake.

Binti ndiye aliyeinua macho.

"Baba," akasema, bila haraka, "huko shambani wewe hushiki kahawa. Unasimama tu kwa barabara. Kukinyamaza mahali, unajua nani amelala, unaenda kumwamsha. Nimekuona tangu niko mdogo. Hiyo pia si kazi?"

Nilijua hapo kwamba nampenda mtu huyu zaidi ya nilivyokuwa nimefikiri, na niliogopa pia. Mzee hakumkaripia. Alisimama akiisikiliza mashine, ameinamisha kichwa chake upande mmoja, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuitoa makosa. Kisha akavuta sanduku la fito, akakaa, akanyoosha ule mguu wa buluu mbele yake.

"Najua ni kazi," akasema. Hakuwa akinitazama mimi. "Pini ni nzuri. Hata kijana si mbaya. Nyumba yangu imebaki na wewe tu, mama. Nilikuwa natafuta tu kitu ya kuvuja."

Binti akachuchumaa karibu naye, akaanza kumkung'uta vumbi kwenye ile suruali ambayo haikuwa na vumbi. Fundi mkubwa akatoka nje. Mimi nilizima mashine, nikaenda kwa mke wa Kalasinga kuomba chai, nikaileta katika kikombe chake kizuri. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliinywa polepole sana, funda moja moja, na hakuna aliyemwambia kwamba treni ya Ruiru iko karibu kuondoka.